Maswali ya Wasomaji: Kwa nini askari walifunga kamba kabla ya kuingia majini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchuuzi wa dagaa mkoani Kigoma. Hivi karibuni boti iliyobeba mizigo na abiria ilipinduka usiku karibu na mwalo tunaofanyia biashara, baada ya upepo kulichafua ziwa ghafla. Askari walipofika, wavuvi walikuwa wamekwisha kutoa watu kadhaa majini. Jambo la kwanza walilofanya askari hao ni kufunga kamba na kutusogeza nyuma, huku mmoja wao akipita na daftari na kuuliza majina. Wengi tulikasirika. Je, polisi huwa wamejiandaa kwa matukio ya namna hii, au kila mmoja huja na lake? Na sisi wa mwaloni tufanye nini?

JIBU: Mama, pole sana kwa usiku ule, na wape pole waliofiwa. Nililitumikia Jeshi la Polisi mpaka kustaafu, nami nimewahi kushika daftari kama lile, kwa hiyo nitaanzia pale pale palipokukasirisha.

Askari anayefika kwanza kwenye tukio kubwa hufundishwa kuwa jicho na mdomo wa kituo kabla ya kuwa mwokoaji. Anatakiwa atazame, kisha aeleze kwa redio ya upepo ni nini kimetokea, mahali gani hasa, watu wangapi anawaona, njia ipi inapitika na msaada upi unahitajika, kwa maana akirukia maji bila kusema neno, gari la wagonjwa litaendelea kulala hospitalini na mkuu wake hatajua kama aongeze askari 4 au 40. Kamba inafuata hapo. Umati wa watu wenye nia njema huziba njia ileile ambayo majeruhi atapitishwa, na mara nyingine umati wenyewe ndio unaoangamia. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikusanyikia, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tangu siku ile sijawahi kumlaumu askari anayewahi kufunga kamba, ingawa nakubaliana nawe kwamba angeweza kuwaeleza sababu kwa maneno mawili ya heshima.

Daftari nalo lina uzito wake. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Mahali ambapo hakuna anayejua waliopanda ni wangapi, hakuna anayeweza kusema utafutaji umefikia mwisho. Aliyekuwa akiuliza majina usiku ule alikuwa akitafuta idadi ya watu waliokuwa bado majini.

Kuhusu maandalizi yenyewe, kwanza ieleweke kwamba uokoaji ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na polisi hulinda eneo, hufungua njia, hutunza mali na maiti, hutambua waathirika na kuchunguza chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa na mkoa hadi wilaya, kata na kijiji, ili vyombo hivi visikutane kwa mara ya kwanza juu ya maiti. Mkoa wetu unaelewa umuhimu wake. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliingia Kagunga, kijiji kinachofikiwa kwa njia ya ziwa, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Tukio kama hilo huhitaji walinzi, waganga, maji safi na vyombo vya usafiri kwa saa ileile, na hakuna kituo cha polisi kinachoweza kulibeba peke yake.

Ndani ya kituo, maandalizi ni mambo madogo ambayo raia hayaoni: gari linaloegeshwa usiku likiwa na mafuta, betri za redio zilizochajiwa, orodha ya askari walio mapumzikoni na wanakoishi, namba za simu za hospitali na za wenye boti zikiwa zimebandikwa ukutani, na zamu inayokabidhiana kwa maandishi. Niliwahi kukaa zamu katika kituo kimoja ambacho namba ya mwenye boti iliyobandikwa pale ilikuwa ya mtu aliyefariki miaka miwili kabla. Tuligundua hivyo usiku tulipomhitaji. Kwa hiyo mpango usiofanyiwa mazoezi siuhesabu kuwa mpango, na ningependa kila wilaya ya ziwani ifanye zoezi la usiku, mwaloni, pamoja na wavuvi wenyewe. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kuifikia. Mtu atakayewahi kufika sharti afundishwe mapema na ajulikane kwa jina.

Sasa upande wenu. Ajali ikitokea, mtu mmoja apige 112 kwa polisi na mwingine 114 kwa zimamoto, na atakayepiga ataje jina la mwalo, aina ya chombo na idadi ya watu anayoikadiria, kisha asikate simu mpaka aambiwe. Wengine wawashe karabai na kuzipanga ufukweni ili walio majini waone nchi kavu iko wapi. Mwombeni mkaguzi wa Polisi wa kata yenu aje mwaloni mchana, wakati dagaa wakianikwa, apajue na awajue wenye mitumbwi. Na kabla boti yoyote haijang'oa nanga, karani aandike majina ya abiria katika karatasi mbili, moja asafiri nayo, ya pili ibaki kwa mwenye duka pale mwaloni.