Sagaa: Uchungu Uishie Kwenye Maziwa

Swali la wiki hii lilikuwa: sagaa ipikwe vipi uchungu uishe bila kumwaga dawa yake?

Kazi huanzia shambani. Sagaa, mboga ya majani ambayo Waluo huiita dek, Wakisii chinsaga, na kwa Kiswahili sanifu ni mgagani, huzidi uchungu kiangazi na ikishachanua. Iliyochumwa wiki ya nne hadi ya sita tangu kupandwa, mvua ikinyesha, haisumbui. Kwa hiyo ukiwa soko la Kibuye, Kisumu, acha fungu lenye maua mengi na maganda ya mbegu, hata likiwa kubwa. Mkulima naye akate vichwa vya maua mapema, mmea utazidi kutoa majani.

Chambua nusu kilo ya majani na ncha laini, uoshe kabla ya kukata. Tumbukiza kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, bila kifuniko, dakika kumi na tano. Maji hayo mwaga mara moja tu. Wanaomwaga mara tatu hupata mboga isiyo chungu, kweli, lakini vitamini C na foleti (vitamini ya kundi B) nyingi zimekwenda na maji. Sasa mimina kikombe kimoja cha maziwa, moto mdogo, hadi yakaribie kukauka. Funika, ilale. Kesho ongeza nusu kikombe na uchemshe tena. Protini ya maziwa hushikana na tanini, kemikali za majani zinazokaza ulimi, ndiyo maana sagaa ya siku ya pili huwa tamu kuliko ya jana. Kwa joto la Kisumu, asiye na friji aichemshe asubuhi na jioni, la sivyo itachacha.

Maziwa yakikatika, huenda yalikuwa yameanza kuchacha kabla hayajafika jikoni. Ukitia magadi au munyu (chumvi ya majivu), kidogo tu kinatosha. Ukizidisha, mboga huteleza, huwa na ladha ya sabuni na kupoteza vitamini. Mwenye haraka achanganye sagaa na managu (mnavu) au terere (mchicha) nusu kwa nusu.

Upande wa dawa, mama aliyejifungua hupewa sagaa ili arudishe damu, na mboga hii ina chuma kweli. Tatizo ni kwamba maziwa yale yale yanayoondoa uchungu hupunguza chuma kinachofyonzwa mwilini. Huyu mpikie sehemu yake kwa nyanya na kitunguu, ale na pera au chungwa, wala asiache vidonge vya kliniki.

Wazee hupaka majani yaliyopondwa kwenye paji la uso kichwa kikiuma. Yana ukali wa haradali: yakikaa muda mrefu huchoma ngozi hadi malengelenge, na kwa mtoto usijaribu kabisa. Maji yake kutiwa sikioni ni hatari zaidi, kwa kuwa huwezi kujua kwa macho kama kiwambo cha sikio kimetoboka. Sikio likiuma, mgonjwa apelekwe zahanati.