Maswali na Majibu: Hija ya miguu, maji mnayokunywa ni ya nani?

Kila vikundi vya parokia vinapoanza kujiandaa kutembea kwenda Kituo cha Hija Mbwanga, hapa kwetu Dodoma, simu yangu haipumui. Swali la malengelenge nalitoa njiani mapema maana nimelijibu hadi nimechoka: vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, badilisha soksi zikilowa jasho, na lengelenge likitoka usilitoboe. Viatu vipya viende kanisani Jumapili. Asiulize mtu tena.

Tuko kama arobaini, tunatoka upande wa Hombolo na tutalala kijijini usiku mmoja. Je, ni lazima tutoe taarifa? Kiongozi wetu anasema haina haja, "mgeni njoo, mwenyeji apone". (Katibu wa kikundi, Hombolo)

Mwambie kiongozi wako methali hiyo ilitungiwa mgeni, haikutungiwa basi zima. Chukua kalamu tupige hesabu. Watu 40, kila mmoja anywe, anawe miguu na kupikiwa kwa lita 10 tu, hizo ni lita 400. Ni ndoo kubwa 20. Nani anazichota? Si huyo kiongozi wako, wala si mzee wa kaya atakayewapokea kwa hotuba. Ni mama na binti zake, na mara nyingi binti huyo kesho yake anatakiwa shule.

Vijiji vingi vya kwetu vina bomba, sikatai. Lakini pampu ikiharibika, au dizeli ikikosekana, watu wanarudi korongoni. Kama hujawahi kuona kisima cha korongoni, nakueleza, maana mwaka hadi mwaka mahujaji wanaviharibu bila kujua. Korongo likikauka, akina mama wanafukua mchanga kwa mikono na bakuli mpaka wakute unyevu. Wanazungushia matawi ya miiba ili ng'ombe na mbuzi wasiingie. Halafu wanakaa. Maji yanajikusanya polepole chini ya shimo, yanachotwa kwa kata, kata baada ya kata, na ndoo moja inaweza kumla mtu muda mrefu kuliko misa ya kawaida. Sasa fika wewe na rozari shingoni, umechoka, unaona maji matulivu, unaondoa miiba na kutumbukiza miguu. Umewanyima maji watu waliokuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na pengine umewaachia kuhara. Nimesikia mahujaji wakijitetea kwamba walidhani ni dimbwi. Dimbwi gani linazungushiwa ukuta wa miiba?

Kwa hiyo taarifa ni lazima, na itangulie wiki kadhaa. Mmoja wenu aende kwa katekista wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini, na kwa mwenyekiti wa kitongoji, awaambie mko wangapi, wanawake wangapi, mtafika saa ngapi. Mtendaji wa kijiji naye ajue. Wageni wanaolala huandikwa, na msisubiri mgambo aje kuwauliza usiku mnatoka wapi. Kisha mtumeni mtu na bodaboda au guta likiwa na madumu ya maji, au mlipieni kijana wa pale mwenye mkokoteni wa punda awachotee. Unga, maharage, mafuta, chumvi na sukari mbebe wenyewe. Mwenyeji awape moto, sufuria, paa na maneno mazuri. Hivyo vinatosha kabisa kuitwa ukarimu.

Na msidhani jambo hili ni jipya. Misafara ya Bara ilipopita hapa Ugogo katika karne ya 19, ikitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, ilikuwa imetoka kuvuka Marenga Mkali, ile nyika baada ya Mpwapwa isiyokuwa na maji ya kunywa. Ilifika na mamia ya wapagazi wenye kiu kwenye visima vya watu wachache. Watemi wakadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alilalamika kweli kweli, na mpaka leo kuna wanaosimulia kwamba Wagogo walikuwa wakorofi. Hebu jiweke upande wa mwenye kisima. Mamia ya watu wanakunywa maji yako ya kiangazi na kula mtama wako, halafu wanaondoka. Mimi ningedai zaidi.

Nikifika kijijini naweza kuchaji simu bure? (Kijana wa UDOM)

Lipa. Sola ya dukani ni biashara ya mtu, na simu tano za mahujaji zinaweza kumaliza taa ya usiku ya nyumba nzima.

Natoka Dar, natamani kutembea na ndugu zangu wa Dodoma, ila naogopa kuombwaombwa njiani. Nifanyeje? (Dada wa Tabata)

Dada, soma tena ulichoandika. Utapita kwenye kaya za watu ukiomba maji, ukiomba kivuli, ukiomba choo, ukiomba mahali pa kulaza ubavu, na usipoangalia utaomba na kuelekezwa njia. Sasa hapo muombaji ni nani?

Najua maneno hayo yanatoka wapi. Watu wa Dodoma wamebandikwa jina la ombaomba kwa sababu njaa ya miaka mibaya iliwasukuma baadhi yao mijini. Ukame ukikaba nchi inayopata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, hata wewe ungepanda treni. Ukipita kijijini utakuta kinyume chake: bibi asiyekujua anakunyanyukia kigoda chake pekee. Mtoto akikuomba "zawadi", usigawe pipi barabarani. Mnawafundisha kukimbiza magari. Msalimie tu. Na jifunze "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kabla hujatoka Tabata, itakufungulia milango mingi kuliko hizo pipi.

Hija yetu huwa ni Kwaresima. Mwaka huu wazee wa kigango tunachofikia wanasita kutupokea. Imani imepoa? (Mwanajumuiya, Chang'ombe)

Imani haijapoa, ghala limepungua. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili. Huku kwetu huo ni wakati wa palizi, chakula cha mwaka jana kinaelekea ukingoni na kipya hakijakomaa. Makorongo nayo yanaweza kujaa ghafla. Watu huchukuliwa na maji hapa kila msimu wa mvua kubwa, halafu tunashangaa. Ninyi mnafunga kwa hiari, mwenyeji wenu anafunga kwa kukosa, na bado anaona aibu kuwaambia hana kitu. Ameshawaambia kwa kusita, muelewe.

Najua mtaniambia tuhamie Mei au Oktoba, kwa kuwa ni miezi ya Mama Maria. Mei watu wako shambani wanavuna. Oktoba ndiyo mbaya kuliko yote: jua linachoma, vumbi, na visima viko chini kabisa. Ningekuwa paroko, ningeweka hija ya miguu kati ya mwisho wa Juni na Agosti, na kilele kingekuwa Agosti 15, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mavuno yameingia, njia ni kavu, na kutembea asubuhi ni raha. Usiku kuna baridi inayong'ata, bebeni mablanketi yenu. Sijui kwa nini ratiba za hija zinapangwa kwa kalenda ya ukutani tu bila kuuliza mtu mwenye jembe.

Mlenda unanishinda. Nikikataa nitawaudhi? (Msomaji, Moshi)

Chukua kidogo, kula ugali wa uwele, sifia, nyamaza. Ukiwekewa karanga ndani yake utaomba uongezewe.

Tunapanga kutembea upande wa Kondoa, na kijiji tutakacholala wengi ni Waislamu. Itakuwaje? (Kwaya fulani, Dodoma mjini)

Itakuwa vizuri kuliko mnavyostahili. Wala msiulize kwa sauti hiyo ya wasiwasi. Kuna familia nyingi za Warangi ambamo mjomba ni Mwislamu na shangazi ni Mkristo, na Krismasi na Iddi wanakula sahani moja. Kazi yenu ni ndogo: nyama ya nguruwe isiwemo kwenye mizigo, pombe vilevile, na kama ni Ramadhani msikae uani mkitafuna mchana. Kipaza sauti kizimwe usiku. Hili la mwisho nawaambia hata mnaolala kwa Wakatoliki. Mtu aliyewapokea atalima kesho. Nyimbo zenu saa nane za usiku hakuziomba.

Nimesoma kwamba Santiago kule Hispania ukienda kwa gari hupewi cheti. Je, na Mbwanga nikienda kwa daladala hija haihesabiki? (Mstaafu, Kikuyu)

Inahesabika, mzee wangu, panda daladala. Cheti cha Santiago kina masharti yake: walau kilomita 100 za mwisho kwa miguu au farasi, 200 kwa baiskeli, na mihuri kwenye pasi ya hujaji njiani. Ni utaratibu wa kule. Kuna kijana aliniandikia tutengeneze pasi ya mihuri hapa kwetu, kila kijiji kigonge. Nikamuuliza wino atanunua nani. Hajajibu.

Kufuata reli si ndiyo njia fupi na salama kuliko barabara ya malori? (Wanaume wa Kikombo)

Hapana. Babu zetu walizoea kutembea kandokando ya reli ya zamani, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910, na baadhi yenu bado mnafanya hivyo. Ila tangu SGR, reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, huko ni uzio, nyaya za umeme juu na treni inayofika kabla hujamaliza kuisikia. Pita kwenye vivuko vilivyojengwa. Barabarani nako tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari, mstari mmoja, na giza likiingia muwe mmeshafika.

Naruhusiwa kupiga picha wenyeji wanaotupikia? (Mpiga picha wa kikundi)

Uliza kwanza, na ukikubaliwa piga mtu akiwa amejiandaa. Mama aliyejitanda khanga ya jikoni, uso una moshi, anawakorogea ugali saa mbili usiku, halafu kesho anajikuta mtandaoni chini ya maneno "umaskini uliojaa upendo". Huo ni utovu wa adabu. Ana khanga nzuri ndani, mpe dakika tano avae. Na picha umtumie, au umpelekee iliyosafishwa.

Asante tunaiacha kwa nani, kwa baba mwenye kaya au kigangoni? (Mweka hazina, Veyula)

Mkononi mwa aliyepika na kuchota. Baba mshukuruni kwa mdomo mbele ya watu, atafurahi. Sabuni, sukari na chumvi zinapokelewa kwa heshima. Fedha iweke kwenye mkono, si kwenye bahasha ya kusomwa hadharani. Kigangoni toeni sadaka yenu kama kawaida. Fedha ya kundi ikiishia kigangoni peke yake, mama wa nyumba ya tatu aliyewachotea ndoo sita hataisikia hata harufu.

Mbwa wa vijijini wananitisha kuliko fisi. (Mwanafunzi, Nkuhungu)

Simama mbali na uzio, piga hodi kwa sauti, subiri atoke mtu. Usikimbie na usirushe jiwe. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje mpaka kundi lifike Mbwanga. Hija utaifanya mwakani.