Hata wenye nyumba hugombana

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni filamu gani imeuonyesha ugomvi wa mke na mume kama ulivyo majumbani, bila kutiwa chumvi? Natabiri majibu mengi yatakuwa na mchepuko ndani yake, au mama mkwe mchawi. Langu halina hata kimoja. Ni Panelkapcsolat, filamu ya Hungaria ya mwaka 1982 ya mwongozaji Béla Tarr, nyeusi na nyeupe, ambayo nje ya kwao hujulikana kama The Prefab People.

Inaanza mume akifungasha. Mke anamfuata huku na huku, analia, anataka kujua kosa lake, na mume hana jibu la maana zaidi ya kuendelea kufungasha. Kisha tunarudishwa nyuma tuone walivyofika hapo. Unakaa kungoja lile tukio kubwa la kuvunja nyumba, nalo haliji. Yanakuja ya kila siku: mke anashinda ndani na watoto, mume anarudi kazini hana la kusema. Wakitoka kwenda dansi, mke anajikuta peke yake huku mwenzake akifurahi na wengine, na kamera inakaa usoni pake muda mrefu hadi wewe mtazamaji unaona haya kwa niaba ya mume.

Ugomvi ulionikaa zaidi ni ule wa kazi ya nje. Mume amepata nafasi ya kwenda kufanya kazi nchi nyingine miaka miwili, na kwa pesa hiyo watanunua gari. Yeye anapiga hesabu. Mke anasikia jambo moja tu, miaka miwili. Msomaji mwenye mtu wake Muscat au Doha kwa mkataba kama huo hahitaji kufafanuliwa. Kila mmoja ana hoja ya kweli na hakuna anayeijibu ya mwenzake: mume anajibiwa kwa machozi, mke anajibiwa kwa bei ya gari. Waigizaji wenyewe, Judit Pogány na Róbert Koltai, walikuwa mke na mume hata nje ya kamera. Nadhani ndiyo maana wanakatizana kauli kwa uzoefu namna ile, kama watu ambao ugomvi huu hawakuuanza leo.

Siwezi kuisifu hiyo nikaiacha iliyoitangulia, Családi tűzfészek, filamu ndefu ya kwanza ya Tarr. Ilitoka 1979, na aliipiga akiwa na miaka 22. Irén anaishi ukweni na mtoto wake katika fleti finyu ya Budapest wakati mumewe yuko jeshini. Baba mkwe anahesabu kila anachokula na kila saa anayorudi. Mume anapomaliza jeshi, mzee anamjaza maneno kwamba mkewe hakutulia, na sote mezani tunasikia, kwa sababu pa kwenda kuzungumzia hapapo. Irén anakwenda ofisi ya nyumba kuomba sehemu ya kuishi, anaambiwa asubiri. Wanaoigiza si waigizaji wa kazi, na maandishi ya mwanzo yanatamka kwamba hadithi ni ya kweli: haikuwapata watu hawa, lakini ingeweza kuwapata.

Na kweli ingeweza. Serikali ya huko ilianza mwaka 1961 mpango wa kujenga nyumba milioni moja katika miaka 15, viwanda vikamimina kuta za zege zinazofika zikiwa tayari kuunganishwa, maghorofa yakapanda, na bado foleni ya wanaosubiri haikuisha. Sasa zitazame filamu hizi mbili kwa kufuatana. Ukitoka kwenye ya kwanza unaapa kwamba hawa wangepewa vyumba viwili na ufunguo wao, mambo yangetulia. Ya pili inakuonyesha waliopewa. Mlango ni wao, hakuna mkwe anayesikiliza ukutani, na mume anafungasha. Sijaona mwongozaji mwingine aliyejipinga mwenyewe kwa ukali huo ndani ya miaka michache.

Mke wangu hakubaliani nami. Anasema kwa Tarr kazi ya mwanamke ni kulia, na anayetaka kumwona mwanamke akiamua jambo amtafute mwongozaji Márta Mészáros. Ana hoja. Filamu yake Örökbefogadás ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1975, na hakuna mwanamke mwongozaji aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Mhusika wake mkuu, Kata, ni mjane wa miaka 43, mfanyakazi wa kiwandani, anayetaka mtoto na mpenzi wake ambaye ana mke. Mpenzi hataki. Badala yake anampeleka Kata nyumbani kwake na kumtambulisha kama mtu wa kazini tu! Kata anaketi na mke wa mtu, wanazungumza kwa adabu, na hakuna sahani inayorushwa. Baadaye anajitafutia njia bila yule bwana: anaasili mtoto.

Wasiopenda filamu za zamani wanayo Testről és lélekről ya Ildikó Enyedi, iliyoshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2017. Ni mapenzi ya watu wawili wagumu wa kusema, wafanyakazi wa machinjio, wanaogundua kwamba usiku huota ndoto moja. Nzuri sana, hasa mwanamke anapofanya mazoezi ya maongezi kwa kutumia vikopo vya chumvi na pilipili mezani. Ila kwa swali lenu naiweka nyuma. Ndoto inawasaidia mno. Wale wa Tarr hawana msaada huo.

Tahadhari moja kwa watakaozitafuta: Családi tűzfészek ina tukio la ubakaji, na linakuja ghafla. Watoto wawe wamelala.