Kimbilia ubao mweupe, kamera acha wengine bapigane nayo

Mwaka wangu wa kwanza kusoma mambo ya video nilikuwa mutu wa kamera tu, ukinipa trepye, ile miguu mitatu ya kamera, nibebe naona kama unanidharau. Lakini hapa Goma munajua venye tunafilme klipu: dola hamsini ya siku nzima, humo mutoe pikipiki, maji na mandazi, batri za kuazima, na kamera yenyewe mwenye nayo anaitaka saa tisa ju iko na harusi Ndosho. Muko batano, kamera moja. Bane banasimama tu kuangalia simu.

Wewe usisimame. Chukua frigoliti, ile nyeupe yenye inatoka mu karto ya televizyo, ukae nayo chini ya uso wa mwimbaji, imurudishie mwangaza. Mimi nilipewa hiyo kazi kama azabu, nilikuwa nimechelewa, na njo siku nilianza kuona mwangaza. Unapiga magoti, unainua ubao kidogo, kivuli cha chini ya pua kinapungua, unasogea hatua moja mbele macho yanawaka kama mutu ameamka, unageuza vibaya anakunja uso na kukutukana. Mwenye kushika kamera anaangalia kioo kidogo, wewe unaangalia uso wenyewe masaa matatu.

Bon, na mimi niliharibu. Harusi moja, maarusi banataka video juu ya mawe meusi ya volkano Nyiragongo ya 2002, robe nyeupe, jua la saa sita, nami nimeacha kamera kwa otomatiki ju nilikuwa na haraka. Kamera haijui kama lile ni jiwe la Nyiragongo. Yenyewe inataka picha yote iwe kijivu cha katikati, ikiona weusi mwingi inafikiri kuko giza, inafungua mwangaza, robe inaungua, maana yake inabaki weupe mutupu. Mama wa bibi arusi aliangalia video mpaka mwisho, akaniuliza polepole tu: “Mutoto wangu, dantela ya hii robe iko wapi?” Hakukuwa dantela. Kulikuwa shuka jeupe lenye kichwa, na hakuna montaje inaweza kurudisha kitu chenye kamera haikushika. Nilirudisha nusu ya franga.

Tangu siku ile otomatiki naiogopa. Naweka kwa mkono: kwanza napima robe, au shati jeupe, nashusha mwangaza mpaka naona nyuzi za kitambaa, kama kamera iko na zebra, ile mistari mistari mu kioo, naiwasha inionyeshe penye panaungua. Sasa uso unakuwa mweusi sana, eeh, njo hapo mutu wa frigoliti anaitwa. Na saa sita usifilme mutu katikati ya uwanja, huku kwetu karibu na ikweta jua linakaa juu ya kichwa kabisa, macho yanakuwa mashimo mawili. Mupeleke chini ya baraza, pembeni ya ukuta mweupe kama uko, ukuta utakufanyia kazi bure.

Ndani ya nyumba shida ni ingine, taa. Umeme wetu ni 50 Hz, yaani unapiga mara 50 kwa sekunde, basi ukifilme picha 25 kwa sekunde weka shata, ule muda kamera inafungua jicho kwa kila picha, 1/50 ya sekunde, ukienda mbio kupita hapo taa nyingi za bei rahisi zinaweza kutetemeka mu picha, na ju kioo cha kamera ni kidogo utaona ukishafika nyumbani. (Kama umeme unakatika katikati ya kazi, hiyo mimi sina dawa.)

Magaribi njo saa nzuri kuliko zote ila haikungoji. Jua linashuka wima, linazama karibu saa kumi na mbili, ule mwangaza wa dhahabu unapita mbio. Saa kumi na moja kamera iwe tayari juu ya trepye, frigoliti mkononi, maarusi bamesimama pao, ju bakianza kubishana juu ya viatu mutafilme giza.