Maswali na majibu: Vita vinavyopiganwa kwa kompyuta

Swali: Kirusi cha kompyuta kinaweza kweli kuharibu mtambo, au huiba taarifa tu?

Kinaweza. Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kilizibadilishia kasi ya kuzunguka huku skrini zikiwaonyesha mafundi kwamba mambo ni shwari.

Mfano unaonitisha zaidi ni wa Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015. Wafanyakazi wa shirika la umeme waliona mshale wa kipanya ukitembea wenyewe kwenye skrini, ukizima swichi moja baada ya nyingine. Wadukuzi walikuwa wameingia miezi kadhaa kabla, kupitia barua pepe yenye faili ambalo mtu alilifungua. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme. Ulirudi baada ya saa chache kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni kuwasha swichi kwa mkono. Naomba wanaopanga mitambo ya umeme na maji wasiziondoe swichi hizo kamwe.

Swali: Droni zimemaliza kazi ya askari wa miguu?

Hapana, ardhi bado inashikwa na watu. Ila kujificha kumekuwa kugumu mno. Droni ndogo huvurugwa kwa kuingilia mawimbi yake ya redio, ndiyo maana huko Ukraine nyingine sasa huruka zikiburuta waya mwembamba wa faiba, unaopitisha amri za rubani badala ya redio.

Swali: Mimi raia tu. Simu yangu inahusianaje na usalama wa taifa?

Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya wanaofanya mazoezi, ilikuwa ikionyesha njia ambazo wanajeshi hufanyia mazoezi ya kukimbia kambini, zikiwemo kambi za Syria na Afghanistan. Hakuna aliyedukua chochote. Wanajeshi wenyewe waliacha tu programu irekodi. Kwa hiyo kama una ndugu jeshini, usiweke mtandaoni picha ya kituo chake wala safari yake.

Swali: Nchi ikishambuliwa kimtandao, madhara hubaki kwake?

Mara nyingi hayabaki. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipenyezwa kupitia programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kikavuka mipaka hadi kukwamisha Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, pamoja na bandari zake. Serikali ya Marekani ilikadiria hasara yote kuwa dola bilioni 10. Marekani na Uingereza ziliilaumu Urusi, nayo ikakana. Wengi wa waliopata hasara hiyo walikuwa wafanyabiashara wasiohusika na ugomvi wowote.