Mkataba wa boila: nimelipa miaka mitatu, nimeuvunja, halafu nikamchukulia mama mkwe wa kwake

Siku nasaini mkataba wa boila, ule mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba, nilikuwa natetemeka, na nadhani kosa langu lilianzia hapo. Boila ilizima usiku, asubuhi watoto wananawa maji ya birika wamevaa makoti, mi nimeshika simu napiga kila namba ninayoiona, kampuni moja ikapokea, dada akaniambia wateja wa mkataba ndo wanaanza kuhudumiwa, wengine foleni. Basi nikasaini. Mtu mwenye baridi kwenye mifupa hasomi masharti, anauliza tu nalipia wapi. Fundi akaja kesho yake, akafungua kava, akaniambia bila hata kunitazama kwamba hii haimo, mkataba unaanza na boila nzima, ubovu uliokuwepo kabla ya kusaini ni wako mwenyewe. Nikalipa fundi, nikalipa kipuri, na mkataba juu yake. Nilikasirika kweli, ila nikifikiria sasa hivi naona jamaa hawakukosea, huwezi kukata bima ya nyumba huku inaungua. Shida ni kwamba yule dada hakunambia na mi sikuuliza.

Kitu ambacho ningependa mtu angenielewesha mapema ni kwamba kwenye karatasi moja unauziwa vitu viwili. Kuna sevisi ya mwaka, yaani fundi anakuja mara moja kuikagua na kuisafisha, na kuna bima ya ubovu, yaani ikiharibika wanakuja kutengeneza. Wanavifunga pamoja vionekane kitu kimoja, wewe vifungue. Sevisi ni lazima, hapo sibishani na mtu, hicho kitu kinachoma gesi ndani ya nyumba unayolala na kikichoma vibaya kinatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, watu wanakufa usingizini hivihivi. (Weka na kengele yake ukutani, mkataba uwepo usiwepo.) Lakini sevisi unaweza kumlipa fundi yeyote mwenye leseni ya gesi, si lazima mkataba. Kwa hiyo chukua bei ya mkataba kwa mwaka, toa bei ya sevisi, kinachobaki ndo bei ya bima. Kwangu mkataba ulikuwa karibu sawa na sevisi tatu, yaani kila mwaka nalipa sevisi mbili zaidi nikisubiri ubovu.

Na ubovu ulikuja. Miaka mitatu niliwaita mara tatu.

Mara ya kwanza redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba, zimepoa na boila inawaka taa nyekundu tu. Fundi akaangalia geji ya presha, mshale uko chini ya 1, akafungua valvu ndogo ya kujazia maji chini ya boila, akasubiri mshale upande mpaka kama 1.3, akafunga, akaiwasha upya, akaaga. Hata viatu hakuwa amevivua vizuri. Kumbe hiyo kazi imeandikwa kwenye kitabu cha boila, mwenye nyumba anaifanya mwenyewe, ilimradi mfumo uwe umepoa na asizidishe maji. Ikishuka kila wiki hapo ndo ujue kuna sehemu inavuja, mwite fundi.

Mara ya pili ilikuwa baridi ile ya barafu. Boila inatoa sauti glo glo glo kama mtoto anapuliza mrija kwenye glasi halafu inazima. Nikapiga simu kwa kujiamini kabisa, mteja wa mkataba bwana, nikaambiwa siku mbili. Nilisahau kwamba usiku ule wateja wote wa mkataba walikuwa wanapiga simu ileile, na mkataba hauzalishi mafundi. Alipofika akatoka nje, akaangalia bomba jembamba la plastiki linalotoa maji machafu ya boila, limeganda, akalimwagia jagi la maji ya vuguvugu (sio ya kuchemka, yanaweza kupasua bomba), akaiwasha upya, ikawaka. Siku mbili za baridi kwa jagi moja la maji.

Ya tatu ndo iliniondoa. Redieta zinapata moto juu, chini baridi, na boila yenyewe inagongagonga kama birika kuukuu. Fundi akafungua bomba moja, maji yakatoka meusi kama wino wa ngisi, akakinga kidogo kwenye kikopo akanionyesha. Ni kutu ya redieta inayozunguka kwenye maji miaka na miaka mpaka inaziba vijia vyembamba ambako maji yanapashwa moto. Nikamwambia sawa, tengeneza. Akatoa simu akanisomea: tope (ndo hiyo kutu) na chokaa ya maji havimo. Yaani kile hasa kinachoua boila taratibu ndo walichokitoa! Nilipouliza mbona miaka mitatu mmekuja kufanya sevisi na hakuna aliyesema maji machafu, akasema sevisi yao haihusu redieta. Sikumlaumu yeye, ametumwa tu. Lakini na hiyo sevisi yao sasa, nilikuja kuilinganisha baadaye na ya fundi wa kujitegemea. Huyu alichomeka kipimo kwenye bomba la moshi akasoma gesi zinavyotoka, akasafisha mtego wa maji machafu, akakagua presha ya gesi, akafunga kichujio cha sumaku na kuweka dawa ya kuzuia kutu. Alikaa karibu saa nzima. Wale walikuwa wanatumia muda mfupi kuliko mi kupika chai.

Je, usichukue mkataba kabisa? Hapana, inategemea umri wa boila na mfuko wako. Ikiwa bado iko kwenye waranti ya kiwandani unalipia kitu ulichonacho tayari, wewe fanya tu sevisi kila mwaka na utunze risiti maana bila hizo waranti inakufa. Ukiwa mpangaji, soma mkataba wa nyumba kabla hujatoa hata senti, mara nyingi boila ni ya mwenye nyumba. Angalia pia bima yako ya nyumba, mwenzangu mmoja alikuwa analipia dharura ya boila sehemu mbili bila kujua. Na ikishapita miaka kumi na kitu wengi wataipokea hela yako vizuri tu, halafu siku ikifa wanasema vipuri havipatikani au gharama imezidi thamani yake, kwaheri.

Katikati hapo, waranti imeisha na boila haijazeeka, ndo mkataba unaweza kuwa na maana, hasa kama huwezi kutoa hela ya pampu au bodi ya umeme kwa siku moja.

Mama mkwe wangu yuko hapo hapo. Boila yake ina miaka saba, anaishi peke yake na hapendi kumsumbua mtu, atakaa na blanketi siku tatu asiseme. Tukakaa naye mezani na miwani yake, tukasoma mpaka maandishi madogo, nikapiga simu nikauliza unaanza kufanya kazi lini, kila fundi akija analipa kiasi gani, tope limo au halimo, na ikishindikana kutengenezwa wanatoa nini. Kampuni mbili zilijiumauma, ya tatu ikajibu na ikakubali kuandika kwenye barua pepe. Msimu uliopita pampu yake ilikufa, wakabadilisha, hakulipa kitu.

Mkataba wangu mimi nimeuvunja. Hela ileile inaingia kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni, imeshalipia kuosha redieta zote na kile kichujio, na bado ina chenji.