Fizi zikitoa damu usiupumzishe mswaki, hapo ndo pa kusafisha zaidi

Karibu miaka miwili nilikua natema damu kila nikipiga mswaki, upande wa chini kushoto, nikawa napapasa tu pale nikidhani mswaki ndo unanichubua. Maumivu hamna. Nikaja kwenda kwa daktari wa meno kwa ajili ya jino jingine kabisa, akachukua kale kachuma kembamba kenye alama za milimita akakapenyeza kati ya jino na ufizi, akasoma 5. Ufizi mzima, yaani usioumwa, unasoma 1 hadi 3.

Tangu siku hiyo nimesoma sana haya mambo na kilichonishangaza ni kwamba ufizi mzima nao hauko kimya. Seli zilizogusana na jino zinatoa muda wote kemikali ya kuita, inaitwa intaleukini 8, kidogo kidogo, na seli nyeupe za damu aina ya neutrofili zinaifuata kutoka kwenye mishipa mpaka ukingoni, zinapiga doria, bakteria hawazidi, basi yameisha.

Shida inaanza utando wa bakteria ukikaa kwenye meno. Bakteria wanamwaga vipande vya ngozi yao, seli zikivinasa zinapiga kelele kwa saitokini, yaani kemikali za kupeana taarifa, kama TNF na intaleukini 1, mishipa inatanuka na kuvuja, ndo ule wekundu, uvimbe na damu unayotema. Neutrofili zinajaa na vimeng'enya vyake vinakata bakteria na kolajeni yetu wenyewe pia, zile nyuzi zinazoushika ufizi, maana haviwezi kuchagua. Kelele zikifika chini kwenye mfupa inaongezeka kemikali inaitwa RANKL, ambayo inaamsha seli zinazokula mfupa, na ile OPG ya kuizuia inazidiwa. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe, hapo ndo roho iliniuma.

Alafu kuna bakteria anaitwa Porphyromonas gingivalis, huyu anazima ule wito wa intaleukini 8 ili walinzi wasije wakati yeye na wenzake wanaongezeka. Kwa hiyo usitegemee maumivu yakuambie. Na kama unavuta sigara usitegemee hata damu, sigara inapunguza kutoka damu wakati chini kunaendelea kuharibika.

Ila hatua ya mwanzo, kabla mfupa haujaliwa, inapona kabisa, na hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno, wote wakapata uvimbe ndani ya siku 10 hadi 21, walipoanza kusafisha tena ukaisha kwa kama wiki moja.

Kwahiyo tafuta mswaki laini, ulaze kuelekea ufizini, pitia taratibu palepale panapotoa damu, na katikati ya meno pitisha uzi au vibrashi vidogo kila siku maana mswaki haufiki huko. Siku za kwanza damu itatoka, endelea tu. Ikipita wiki mbili bado inatoka nenda ukapimwe kwa kale kachuma, omba wakutajie namba uziandike, na ukiwa na kisukari nenda mapema zaidi kwa sababu sukari ikipanda uvimbe unakua mkali na uvimbe nao unafanya sukari iwe ngumu kushuka.

Mimi walinikwangua ugaga mpaka chini ya ufizi, baada ya miezi mitatu ile 5 ikawa 3. Jino moja la nyuma bado linasoma 4, nalisafisha usiku mbele ya kioo na taa.